Chumvi Chini ya Gari la Baba

Kuna harufu ambayo mimi huisikia ulimini kabla ya puani. Juzi nilikuwa nakwenda Chaani kumpa hongera shoga yangu aliyejifungua mjukuu, maana binti yake kazaa na yeye ndiye anayelea, nikapita penye banda la mafundi wa magari. Mmoja wao alikuwa ameinamia ubavu wa gari kuukuu anachomelea kiraka. Siku hizi ni wachache wanaotumia gesi ya kabaidi, lakini yeye alikuwa nayo, na ile harufu ikanijia, harufu ya kitunguu saumu kilichosahauliwa jikoni kikaoza. Nikasimama. Mdomo ukanijaa chumvi. Fundi akainua miwani yake akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu, natazama tu. Aliniona wa ajabu, nami simlaumu. Mtu mzima na buibui lake, kasimama juani anatazama kutu.

Nyumba yetu ilikuwa Kisauni, ndani ndani, mahali ambapo leo kumejengwa maghorofa lakini wakati huo kila ua ulikuwa na mnazi wake na kisima chake. Ubavuni mwa nyumba, chini ya banda la makuti, palikuwa na gari la Baba. Lilikuwa kombi la zamani, la zamani hata kwa wakati ule, lenye taa za duara na uso wa mtu aliyeshangaa, juu krimu na chini buluu. Baba alilinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu wengi, akalipenda, halafu akaliacha akaenda zake Uarabuni kutafuta maisha. Alisema akirudi atalitumia kupeleka mboga na matunda kwenye hoteli za Shanzu, awe mtu wa nyumbani, asiondoke tena. Nyumbani kwetu kila mtu alilitazama gari lile kama ndiyo ahadi yake ya kurudi.

Baba mwenyewe nilimjua zaidi kwa sauti. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka kanda zile za kaseti zilizoletwa na watu waliorudi likizo, zimezungushiwa kanga mpya na zinanuka sabuni ya kuogea. Tulikuwa tukikaa mkekani, Nyanya, Mama na mimi, redio kaseti katikati yetu kama sinia la wali. Baba alitusalimu kwa mpangilio wa umri, akakohoa, akauliza habari, kisha akanyamaza kidogo kana kwamba anatupa nafasi ya kujibu. Mimi nilikuwa namjibu. Na kila kanda ilimalizikia pale pale: "Mama, gari langu ni amana mikononi mwako." Nyanya, aliyekuwa mama yake Baba, siku ya kurekodi jibu aliisogelea mashine na kupaza sauti kana kwamba Uarabuni ni ng'ambo ya barabara. "Gari liko salama, mwanangu! Laoshwa kila Alhamisi!"

Na lilikuwa likioshwa kweli. Kila Alhamisi baada ya alasiri, ili Ijumaa ikiingia gari liwe safi kama alivyokuwa akilipenda mwenyewe, Nyanya alitoa kibao chake nje, akakaa, akaanza kuamuru. Mama alivuta maji kisimani ndoo baada ya ndoo, mimi nikasugua nilipofikia. Nyanya hakutosheka na kuosha juu. "Na chini! Chini ndiko uchafu ukaako!" Basi tukainama tukarusha maji uvunguni mwa gari, yakapenya kila tundu na kila mkunjo wa bati, yakadondoka humo hadi usiku kuingia. Nyanya akishaona yanadondoka ndipo moyo wake ukitulia.

Kisima nacho lazima nikieleze, maana bila hicho hamtaelewa kitu. Kilichimbwa na babu yangu, mume wa Nyanya, kwa mikono yake, mwaka waliooana. Mimi sikumdiriki Babu. Nyanya alisema Kisauni nzima hakukuwa na maji matamu kama yale, na huenda zamani ilikuwa hivyo. Lakini watu waliongezeka, visima vikaongezeka, na chumvi ikaja chini kwa chini, kidogo kidogo, hadi majirani wakaacha kuja kuteka ya kunywa. Mtu alitakiwa kumwambia Nyanya. Mtu huyo alikuwa Mama, na Mama alikuwa mkaza mwana. Utamwambiaje mavyaa wako kwamba kitu cha mwisho alichoachiwa na mumewe kimeharibika?

Mama hakumwambia. Alichofanya ni kuamka alfajiri kila siku, akajitwika debe akaenda mtaa wa pili kwenye mfereji wa maji ya bomba, akapanga foleni na wenzake, akarudi na kujaza mtungi wa Nyanya wa kunywa na birika lake la kutawadhia. Nyanya akaamini ni maji ya kisimani. Alikuwa akichota kwa kata yake ya kifuu, akanywa taratibu, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Maji ya marehemu." Mama akajibu, "Naam, Mama," akiwa amempa mgongo anachochea moto. Wakati wa kuoga, sabuni ilipokataa kutoa povu, Nyanya aliilaumu sabuni. Mimi nilikatazwa nisiseme, nami nikalichukulia jambo hilo kuwa adabu tu, kama vile kutopita mbele ya mtu anayeswali. Halikunishangaza hata kidogo. Kilichonishangaza mimi ni kuku.

Tulikuwa na kuku mweupe mwenye kiburi aliyependa kutagia ndani ya gari. Siku moja Mama alimfungia humo kwa bahati mbaya, akabana mlango na kioo. Nilimwona kwa macho yangu, amekaa juu ya kiti anatupa jicho. Nikaenda kunywa uji. Niliporudi kuku alikuwa nje anaparura mchanga, na milango yote imefungwa vile vile. Nikamrudisha ndani, nikafunga, nikajificha nyuma ya mnazi. Kitambo kidogo kuku huyo nje. Nilimkimbilia Mama nikamwambia tuna kuku wa jini. Mama akanifuata akicheka, akafungua mlango wa nyuma, akainua zulia la mpira lililotandikwa sakafuni, na kicheko kikamkatikia pale pale. Chini ya zulia hapakuwa na sakafu. Palikuwa na tundu linalopitisha kuku, na kupitia tundu lile tuliona mchanga na vidole vya miguu ya Nyanya, aliyekuwa amekuja kutazama kuna nini.

Hayo yalitokea siku chache baada ya kanda mpya kufika. Kwenye kanda ile Baba alikuwa amesema, kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka, kwamba mkataba wake umekwisha na Mungu akipenda tutasherehekea Idi pamoja. Nyanya alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia. Sasa alikuwa amesimama kando ya gari ameshika mdomo. "Nitamwambia nini?" akasema. "Miaka yote hii namwambia liko salama. Amana yake imeniozea mikononi." Sikuwa nimewahi kumwona Nyanya na uso ule. Hakula chakula cha mchana siku hiyo, na jioni alikaa kwenye kibao chake akilitazama gari kama anayemtazama mgonjwa.

Ndipo akaitwa Fundi Odongo. Alikuja na mkokoteni umebeba pipa lake la gesi, nyundo za kila namna, mkasi wa bati na redio ndogo isiyozimwa. Alikuwa mtu wa bara, amekaa Mombasa tangu ujana, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kiko njiani kinakuja. Alivaa kofia iliyolowa mafuta, nene kwa uchafu, na alijiona mzuri nayo. Alipenda kusemasema. Hata akiwa uvunguni mwa gari na misumari mdomoni, alikuwa akizungumza.

Siku ya kwanza hakukata chochote. Alizunguka gari akiligonga kwa mpini wa nyundo, sikio limeelekea bati. Palipokuwa pazima paliitika kwa sauti kali. Palipooza palinung'unika tu. Kila paliponung'unika alichora duara kwa chaki. Nilimfuata nyuma nikigonga kwa kijiko, na nikajifunza kuzitambua sauti hizo kabla hajachora. Kisha akajipenyeza chini hadi kwenye chesisi, yaani ile mihimili ya chuma inayobeba gari zima, akachomeka bisibisi. Ikaingia kama inaingia kwenye boga. Akatoka, akajifuta, akaenda kusimama mbele ya Nyanya.

"Bi Mkubwa, hii gari imekwisha."

"Gari hili," Nyanya akamrekebisha. "Na halijesha. Mwenyewe yuaja."

"Sawa, hili. Lakini imekwisha."

Mama ndiye aliyetoka jikoni na unga mikononi akamwambia fundi kwamba asiangalie kilichokwisha, aangalie kilichobaki, aanzie hapo. Fundi Odongo akamtazama, akamtazama na Nyanya, akavua kofia akajikuna. "Mpaka Idi?" akauliza. Mama akasema mpaka Idi. Akavaa kofia yake akaenda kushusha pipa.

Nyinyi mliokuwa mkicheza mpira siku zile mlikosa mambo. Kwanza kabaidi yenyewe, vijiwe vya kijivu ambavyo ukivitia kwenye maji baridi yanachemka bila moto. Niliomba kijiwe kimoja nikakitia kwenye kopo nikaweka sikio. Kilinguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa. Gesi iliyotoka humo ilipita kwenye mpira mrefu, na mwisho wa mpira ukawaka moto mwembamba wa buluu. Fundi alikata bati lililooza likadondoka kwa mapande, na kutu ilitoka matabaka matabaka, nyembamba, kama manda za sambusa zilizokauka. Nilizikusanya kwenye kopo la maziwa. Mahali pengine hapakuwa na bati kabisa. Kulikuwa na puti tupu, ile dawa ya kuzibia ambayo ikikauka hupakwa rangi usijue, na ndani yake magazeti yaliyofinyangwa; fundi fulani wa zamani, kabla gari halijafika kwa Baba, alikuwa amelidanganya. Fundi Odongo aliyachomoa magazeti yale kwa hasira akanisomea vipande vya habari za mpira. Viraka vipya alivikata kutoka kwenye pipa la mafuta, akavikunja juu ya gogo la mnazi kwa nyundo ya mbao, akavipima, akavirudisha, akavikunja tena, mpaka vikakaa.

Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua, na alilisema kila siku. Magari ya pwani huanza kuoza juu, alisema, kwenye mfereji wa paa ambapo mvua hutuama, na mbele, kunakopigwa na upepo wa bahari. Hili paa lake lilikuwa zima kabisa. Limeoza kutoka chini kwenda juu. "Mlikuwa mnaipitisha baharini?" akamwuliza Mama. Mama akamwambia gari halijatoka bandani tangu mwenyewe aondoke. Nyanya akaapa kutoka kwenye kibao chake. "Wallahi halijaguswa! Laoshwa tu, kila Alhamisi." Alisema hivyo kwa fahari, na fundi akatikisa kichwa kwa heshima, na hakuna aliyefikiri zaidi.

Mimi nilifikiri. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, wa kufungua saa kutafuta anayeizungusha. Nikamwuliza fundi kama kutu ina meno. Akacheka akasema kutu ni chuma kikikutana na maji na hewa, basi, haina meno wala mdomo. Sikuridhika. Mchwa walikula mlango wa choo chetu na hawakuonekana pia. Nikaamua kwenda kuwatafuta wanaokula gari la Baba, wakati fundi amekwenda kununua sigara na Nyanya anaswali adhuhuri.

Uvunguni kulikuwa na joto na giza na harufu ya grisi. Nililala chali nikatazama juu. Sikuona mdudu. Nilichoona, kwenye mikunjo ambayo fundi alikuwa bado hajaifikia, ni unga mweupe umeganda kwenye kingo za kutu, laini kama ule unaofunika ubuyu. Sijui niseme nini kujitetea. Nilipenda ubuyu sana. Nikatoa ulimi nikaulamba.

Ilikuwa chumvi. Chumvi yenye ladha ya chuma nyuma yake, kama uking'oka jino. Nikalamba mahali pengine: chumvi. Nikatema, nikabaki nimelala pale nikipiga hesabu zangu. Vitu vya chumvi nilivyovijua ni bahari, jasho na machozi. Baharini gari halijakwenda, Mama kasema. Jasho hutoka kwa kazi, na gari halijafanya kazi tangu Baba aondoke. Yakabaki machozi. Mambo yote yakanikaa sawa kichwani. Nililionea huruma gari lile kiasi kwamba nilipapasa tumbo lake kwa kiganja kabla ya kutoka.

Chai ya jioni tulikunywa uani. Fundi amekaa juu ya gogo na kikombe chake, Mama anachoma mihogo, Nyanya amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikasimama katikati yao kama mwenye tangazo.

"Nimejua gari lina nini. Linalia. Lamlilia Baba. Nimelionja chini, lote lina chumvi."

Mama alianza kunigombeza kwa kulamba vitu vichafu. Lakini fundi alikuwa amekwisha kuweka kikombe chini. Akainuka, akaenda kisimani kwenye ndoo iliyokuwa imetekwa kwa ajili ya vyombo, akachovya vidole, akavitia mdomoni. Akatema mchangani. Akageuka na macho yamemtoka. "Lakini Mama Zuhura, haya maji…"

"Fundi," Mama akamkatiza, "chai yako yapoa."

Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini mkono uliokuwa ukigeuza muhogo ulisimama juu ya moto bila kuhisi. Mtu yule ambaye hakuwahi kunyamaza hata na misumari mdomoni alimtazama Mama, akamtazama Nyanya, akalitazama gari, na nikaona jambo linapita usoni mwake. Akarudi kwenye gogo lake. "Ni upepo wa bahari," akasema. "Upepo tu." Akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja na kuunguza ulimi. Nyanya alikuwa ameacha kukuna. Kisha akaendelea, polepole, mpaka kifuu kikabaki kitupu, na akaendelea kukikuna kitupu vile vile.

Kesho yake nilimwona. Nilikuwa juu ya gari, mahali nisipotakiwa kuwa, na yeye alikuja kisimani peke yake, jambo ambalo hakulifanya kamwe kwa ajili ya mgongo wake. Akateremsha ndoo. Akaivuta kwa shida, akapumzika, akavuta tena. Akachota kwa kiganja akanywa. Kisha akaweka mkono juu ya ukingo wa kisima, kwenye yale mawe aliyoyapanga Babu, akasimama kitambo kirefu, midomo inacheza. Nikadhani anasoma dua. Labda alikuwa anasoma kweli.

Siku hiyo hiyo akamwambia Mama kwamba tangu leo mtungi wake na birika atavijaza mwenyewe, kwani kukaa sana kunamtia uzito. Mama akasema, "Utachoka, Mama," na zaidi ya hapo hakuwa na la kusema, maana kwa hadithi yake mwenyewe maji yalikuwa ni yale yale. Ilipofika Alhamisi, Nyanya hakutoa kibao. "Fundi, rangi mpya haitaki maji, au sivyo?" Fundi Odongo akajibu upesi mno kwamba kabisa, haitaki, hata mwaka mzima. Mama akashusha pumzi. Lakini baada ya hapo, kila Nyanya alipochota kutoka mtungini, nilimwona Mama anamtazama koo kwa wizi, na Nyanya akanywa taratibu kama siku zote, uso haukunjiki, akasema, "Alhamdulillahi. Maji ya marehemu." Mama hakujua aamini lipi, kwamba ameionja chumvi au hakuionja. Ulimi wa wazee huchoka, huenda alijiambia hivyo.

Mara moja nilichukua kata ya Nyanya nikanywa bila ruhusa. Nikatema pale pale. Nilijua ladha ile. Nikafikiri Nyanya naye analia, usiku, na machozi yanadondokea mtungini, na sikumwambia mtu kwa sababu mara ya kwanza nilipotangaza mambo ya machozi watu wazima wote walikuwa wamebadilika.

Ramadhani ilitukuta kazi ingali inaendelea, na gari likakamilika kabla ya mwezi kwisha. Fundi aliipachika mihimili ya chini vyuma vipya, akaziba sakafu, akapaka chini rangi nyekundu ya kuzuia kutu na lami juu yake, na buluu aliyoipata ikawa imezidi kidogo ile ya zamani. Alilizunguka akiligonga, na kila mahali paliitika. Mimi nilizunguka nyuma yake na kijiko changu, na mimi nikaridhika.

Baba aliingia uani siku mbili kabla ya Idi, mwembamba, mweusi kwa jua, na sauti ile ile. Nilisikia sauti kwanza ndipo nikaamini uso. Baada ya kukumbatiwa na kuliliwa na kufuturishwa, kesho yake karibu na magharibi alikwenda kwa gari lake akiwa na kanzu nyeupe, akalala chini nayo bila kujali, akajipenyeza uvunguni. Tulisikia anagonga. Tukangoja, Mama ameshika upindo wa kanga yake kwa mikono miwili. Alipotoka alikuwa na lami begani.

"Kazi nzuri," akasema. "Lakini chini karibu lote ni jipya. Mama, gari lilipatwa na nini?"

Mama akafungua mdomo. Najua alikuwa anataka kusema upepo. Nyanya akainua mkono.

"Lilioza, mwanangu. Nililiozesha mimi. Niliosha amana yako kwa maji ya kisima cha babako, na kisima cha babako kimeingia chumvi. Mkeo alijua, asiniambie, asije akanivunja moyo. Akajitwika maji ya mfereji miaka yote hii ajaze mtungi wangu. Mimi nikanywa matamu, gari likanywa chumvi."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. "Tangu lini wajua, Mama?" akauliza humo ndani ya kanga.

"Tangu mtoto alipolionja."

"Na ukawa wayanywa! Kwa nini?"

"Gari limeyanywa miaka na halikusema kitu," Nyanya akasema. "Nami nikasema niyanywe kidogo."

Jua lilikuwa limezama, mwadhini amekwisha kuadhini, na hakuna aliyekuwa amefuturu. Baba akaenda barazani kwenye mtungi wa Nyanya, akachukua kata ya kifuu, akachota. Mimi niliyekuwa nayajua maji yale nikamkaribia nimtazame uso. Fundi aliyatema. Mimi niliyatema. Nikangoja ateme. Akayanywa yote taratibu mpaka kata ikakauka, akapangusa masharubu, akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema Baba. "Maji ya marehemu."

Hapo ndipo Nyanya alipolia, mbele yetu sote, na safari hiyo sikuwa na haja ya kuonja.